Mzingo wa Kushika Moto

Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, moto wa nyika uliokuwa ukisukumwa na upepo mkavu uliingia mji wa Paradise, kaskazini mwa California, Marekani. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Picha zilizopigwa baadaye kutoka angani zina jambo linalomsumbua kila anayezitazama kwa makini. Mtaa baada ya mtaa, nyumba zimegeuka majivu, ilhali misonobari iliyosimama katikati yake bado ina majani, mingine ya kijani kabisa. Kama moto ungepita juu ya mji kama watu wengi wanavyodhani, ukimeza kila kilichosimama, miti hiyo ingetangulia kuungua. Mingi ilibaki. Zilizoungua ni nyumba, na nyumba zikaunguza nyumba nyingine.

Maelezo ya jambo hilo yalikuwa yamepatikana miaka kama ishirini kabla. Jack Cohen, mtafiti wa Shirika la Misitu la Marekani katika maabara ya moto ya Missoula, Montana, alitaka kujua moto wa msituni unapaswa kuwa karibu kiasi gani ndipo ukuta wa mbao ushike. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alipata nafasi ya kulipima hilo porini hasa, katika majaribio ya kimataifa yaliyofanyika Northwest Territories, Kanada, ambako vipande vya msitu viliwashwa makusudi hadi moto ukapanda kwenye vilele vya miti. Mbele ya moto huo zilisimamishwa kuta za mbao kwa umbali wa mita 10, 20 na 30. Baadhi ya zile za mita 10 zilishika moto. Za mita 20 na 30 hazikushika. Sababu ni mbili: joto la moto hupungua upesi kadiri unavyosogea mbali nao, na ndimi kubwa za msitu hazikai mahali pamoja muda mrefu. Huwaka kwa dakika moja hivi, zikakosa cha kula, zikasonga mbele. Ubao mnene wa ukuta hauwahi kupata joto la kutosha.

Sasa, ikiwa msitu unaowaka mita 30 kutoka nyumbani hauwashi ukuta, ni nini kinachowasha maelfu ya nyumba kwa siku moja? Jibu kwa sehemu kubwa ni cheche na vipande vya makaa vinavyobebwa na upepo, ambavyo huweza kutua hata zaidi ya kilomita moja na nusu mbele ya moto wenyewe. Vinatua juu ya paa lenye majani makavu, ndani ya mfereji wa mvua usiosafishwa, kwenye lundo la kuni lililoegemezwa ukutani, kwenye mkeka wa mlangoni. Vinapenya kwenye matundu ya hewa na kuingia darini. Halafu vinangoja. Nyumba nyingi katika majanga haya huanza kuwaka baada ya moto mkubwa kupita, wakati mwingine saa kadhaa baadaye, kutokana na kimoto kidogo ambacho mtu mwenye ndoo moja ya maji angekizima.

Cohen alilipa jambo hilo jina. Kwa Kiingereza ni istilahi ya maneno matatu yenye maana ya nyumba, kushika moto, na eneo. Eneo hilo ni nyumba yenyewe pamoja na kila kitu kilichoizunguka hadi umbali wa mita 30, na penye mteremko hata mita 60, kwa kuwa moto hupanda mlima kwa kasi zaidi. Hoja yake ni kwamba hatima ya nyumba huamuliwa ndani ya eneo hilo, na hasa katika mita chache za kwanza. Huko nje msitu unaweza kuwaka usiku kucha na nyumba ikasalia, iwapo humu ndani hakuna cha kupokea cheche.

Kwa Kiswahili hatuna istilahi iliyotulia ya dhana hii, na naona pengo hilo lina gharama. Tunayo maneno mengine ya moto, mazuri na yenye kazi zake, lakini yote yanaangalia upande mwingine.

La kwanza ni kinga ya moto, au kinga moto kama wanavyosema maofisa misitu wa Tanzania. Ukifika Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, au kwenye mashamba ya paini na milingoti ya wanakijiji wa Njombe na Makete, utasikia watu wanakwenda kukata kinga. Maana yake ni kufyeka na kulima ukanda ulio wazi kuzunguka shamba, ili moto kichaa ukifika hapo ukose nyasi za kushika. Ni kazi ngumu ya jembe na panga, hufanywa kabla kiangazi hakijakolea, na imeokoa mashamba mengi. Lakini ni istilahi ya shamba. Inamfundisha mtu kwamba ulinzi uko mpakani, kule mbali, na kwamba moto ni kitu kinachotembea ardhini tu. Cheche haitembei ardhini. Inaruka ukanda huo kama haupo, na ikatua kwenye paa la nyasi la jiko la nje.

La pili ni mkuza, neno ambalo siku hizi limeshikwa na umeme na mabomba: mkuza wa nyaya za umeme, mkuza wa bomba la mafuta. Nalo ni la mstari ulionyooka unaokata ardhi. Nyumba haihitaji mstari. Inahitaji kuzungukwa.

Lipo pia jaribio la kutafsiri istilahi nyingine ya Kimarekani iliyotangulia ya Cohen, ile inayotaja eneo ambalo linaweza kulindwa, na ambayo mtu angeweza kuiita kwa haraka eneo la kujihami. Istilahi hiyo ilitokana na mahitaji ya wazimamoto: iwepo nafasi ya kutosha kuzunguka nyumba ili kikosi kiweze kusimama pale na mipira yake ya maji bila kuungua. California imeiweka kwenye sheria. Tangu mwaka 2005 mwenye nyumba katika maeneo ya hatari anatakiwa kusafisha futi 100, yaani mita 30 hivi. Ni sheria njema. Hata hivyo istilahi yenyewe inachukulia kwamba yuko mtu atakayekuja kulinda. Katika siku kama ile ya Paradise, magari ya zimamoto hayatoshi hata kwa sehemu ndogo ya nyumba, na wazimamoto wenyewe wana kazi ya kwanza ya kutoa watu. Kijijini kwetu, kilomita nyingi kutoka kituo cha Zimamoto cha wilaya, gari hilo halifiki kabisa. Tunahitaji neno linalosema nyumba itasimama peke yake.

Nadhani Kiswahili kina bahati katika jambo hili, na bahati hiyo imo katika kitenzi tunachokitumia kila siku bila kukifikiria. Twasema nyumba imeshika moto. Twasema nguo imeshika moto, kuni mbichi hazishiki. Katika sarufi yetu kinachoungua ndicho mtenda: chenyewe kinanyoosha mkono na kushika. Fizikia ya Cohen inasema vivyo hivyo. Moto hauwezi kuingia mahali ambapo hakuna kitu kilicho tayari kuushika, na utayari huo ni sifa ya nyumba na vilivyo jirani nayo, wala si sifa ya moto. Kwa hiyo kitenzi kushika lazima kiwemo katika istilahi. Kuwaka halitoshi, kwani linaeleza yanayofuata. Kuungua ndiyo kabisa, linaeleza mwisho.

Kwa sehemu ya pili napendekeza mzingo. Ni nomino inayotokana na kuzinga, kwenda mzunguko, na tayari ina maana ya kile kinachozunguka kitu. Eneo ni pana mno. Linaweza kuwa tarafa nzima. Uwanja ni mbele ya nyumba tu kwa watu wengi, na nyuma, palipo na kuni na jiko, hapahesabiwi. Kiunga kinavuta maana ya shamba la miti ya matunda au vitongoji vya mji. Mzingo una kitovu, na kitovu chake ni nyumba. Ukisema mzingo wa kushika moto, msikilizaji anasimama mlangoni na kuanza kutazama kuanzia miguuni pake kwenda nje, pande zote. Mtazamo huo ndio unaotakiwa.

Neno kinga lisiachwe, bali litumike pamoja na ndugu yake wa jina. Katika ngeli ya KI-VI, kinga cha moto ni ukuni unaowaka ncha, ambao wengine huuita kijinga. Wahenga wakasema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ichukuliwe methali hiyo kwa maana yake ya wazi, ya mekoni. Anayepika kwa mafiga matatu anajua kwamba vinga vikikutana ncha kwa ncha vinalishana joto na moto unapanda, na kwamba akitaka kuutuliza hahitaji maji, anavitenga tu kila kimoja kivyake, na baada ya muda vinafifia. Kazi yote ya mzingo ni hiyo ya kutenga: kuni mbali na ukuta, ua mbali na dari, mti na mti, nyumba na nyumba.

Wataalamu huugawa mzingo katika sehemu tatu, nami ningeziita mzingo wa ndani, wa kati na wa nje. Wa ndani ni kuanzia ukutani hadi mita moja na nusu. Wa kati unafika mita tisa. Wa nje unamalizia hadi mita 30, au 60. Watu wanaposikia habari hizi mara ya kwanza hukimbilia wa nje, wakaanza kukata miti mikubwa. Ni kosa la kusikitisha, maana miti yenye afya ikiwa imepishana vizuri na matawi yake ya chini yamepogolewa si adui, na kivuli chake kinahitajika. Mahali pa kuanzia ni mita moja na nusu ya kwanza. California imechelewa kuliona hilo. Ni sheria iliyopitishwa mwaka 2020 ndiyo iliyoagiza sehemu hiyo ya ndani iwekewe masharti yake yenyewe, na baada ya moto wa Januari 2025 uliobomoa majengo zaidi ya 16,000 katika eneo la Los Angeles serikali ya jimbo ikasukuma kanuni zake ziharakishwe.

Tuupeleke basi mzingo wa ndani kwenye nyumba ya kawaida ya Nyanda za Juu Kusini, au ya Nyandarua nchini Kenya. Tuna faida ambayo jirani zetu wa California wanailipia pesa nyingi. Paa la bati halishiki moto. Ukuta wa tofali la kuchoma haushiki. Mtu akiishia hapo atadhani yuko salama, na nyumba yake ikaungua. Kati ya ukuta na bati mara nyingi kuna upenyo ulioachwa ili hewa ipite, na ndani yake ni mbao kavu, dari ya ubao mwembamba, na pengine magunzi au mahindi yaliyohifadhiwa juu. Cheche zinapenya hapo bila kizuizi. Wavu wa chuma wenye matundu ya milimita tatu hivi, ukipigiliwa kuziba upenyo huo, unaacha hewa ipite na unazuia cheche nyingi. Fundi wa kijijini anaweza kuufunga kwa siku moja.

Kisha kuni. Tunazipanga ukutani chini ya upenu ili zisinyeshewe, na wakati wa masika hapo ni mahali pake. Kiangazi, zinapaswa kuhamia mita tisa au zaidi kutoka nyumbani, au zikifunikwa bati zikae mbali kidogo na kila jengo. Mabua ya mahindi ya kulishia ng'ombe nayo ni hivyo hivyo. Jiko la nje lililoezekwa nyasi ndilo linanitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu linasogezwa karibu na nyumba kubwa kwa ajili ya urahisi, na paa lake linapokea cheche kutoka pande mbili: za porini, na za mafiga yake lenyewe. Uzio wa matete unaokwenda hadi kugusa ukuta wa nyumba hubeba moto kuanzia barabarani hadi dirishani. Mita ya mwisho, ile inayogusa nyumba, ibadilishwe iwe ya tofali, mawe au bati. Ua wa mikrismasi, ile misaipresi inayopandwa sana nyanda za juu, ndani yake kumejaa majani makavu hata kama nje ni kijani. Kwenye pwani, makuti ni habari nyingine, na mwenye banda la makuti lililo karibu na kichaka ajue kwamba paa lake ndilo mzingo wake wote.

Liko jambo moja ambalo bibi zetu walilifanya sawasawa. Uwanja wa nyumba ulifagiwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa hadi ukabaki udongo mtupu, na jani lililoanguka usiku halikuona jua la saa nne. Sababu zilizotajwa zilikuwa usafi na nyoka. Lakini ukipima ule udongo uliofagiwa kuzunguka nyumba, utakuta ni mzingo wa ndani kamili na sehemu nzuri ya ule wa kati. Maafisa wanaoandaa mafunzo ya moto vijijini wangefanya vyema kuanzia hapo, kwa kitu ambacho watu tayari wanakijua na kukiheshimu, kabla ya kufungua michoro iliyoletwa kutoka nje.

Nyasi zetu zina uhusiano na habari hii kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 8 Agosti 2023 mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, uliteketea. Watu 102 walikufa na majengo zaidi ya 2,000 yakaangamia. Moto ulitokana na nyaya za umeme zilizokatika katika upepo mkali, lakini kilichoulisha hadi ukaingia mjini ni nyasi zilizosimama kavu kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa baada ya kiwanda cha sukari cha hapo kufungwa mwaka 1999. Miongoni mwa nyasi hizo ni nyasi ya ginea, mwenyeji wa Afrika, iliyopelekwa huko zamani kwa ajili ya malisho. Huku kwetu ng'ombe, swala na nzige huila, na mvua na kiangazi chetu inavijua. Kule haikukuta mla nyasi wa kuitosha, na mashamba yalipoachwa ikakosa hata jembe.

Katikati ya jivu la Lahaina ilibaki nyumba moja yenye paa jekundu, ambayo picha yake ilizunguka dunia. Wenyewe walikuwa wameikarabati muda si mrefu kabla: wakaweka paa la bati zito, na wakaondoa mimea iliyogusa kuta na kuweka mawe badala yake. Walieleza kwamba hawakufanya hivyo kwa kuogopa moto. Mimea waliiondoa kwa ajili ya mchwa. Nyumba moja haithibitishi sheria, na upepo nao una siku zake. Lakini aliyesoma majaribio ya Cohen akiitazama picha hiyo anaona mzingo wa ndani uliosafishwa, na paa lisilo na kitu cha kupokea cheche.

Barani kwetu funzo lilikuja kwa uchungu tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia kwenye mteremko wa Mlima wa Meza, Cape Town, uliposhuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town. Kinu cha upepo cha Mostert, kilichojengwa mwaka 1796 na kuezekwa nyasi, kiliungua. Maktaba ya Jagger iliungua, na humo sehemu kubwa ya vitabu vilivyokusanywa kwa miongo mingi kuhusu Afrika, baadhi vikiwa havipatikani kwingine. Tunapozungumza juu ya mzingo wa nyumba, basi, tuhesabu humo shule, zahanati, ofisi ya kijiji yenye madaftari ya ardhi, na msikiti au kanisa.

Sasa nifike kwenye ugumu wa istilahi hii, ambao ni wa maisha pia. Mzingo una nusu kipenyo cha mita 30. Viwanja vyetu vingi havina upana huo. Nyumba yangu iko ndani ya mzingo wako, na jiko lako la nyasi liko ndani ya mzingo wangu. Nyumba ikishawaka haiwaki kwa dakika moja kama mti. Huwaka kwa saa kadhaa, na joto na cheche zake vinamfikia jirani muda wote huo. Ndiyo maana Paradise ilikwisha nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja mwangalifu akizungukwa na majirani wasiojali amejisaidia kidogo tu. Lazima istilahi iwe na wingi: mizingo, na mizingo inayoingiliana, maana penye kuingiliana ndipo mpaka wa kiwanja unapokoma kuwa hoja.

Wamarekani walilijibu hili kwa mpango ulioanza mwaka 2002, unaosimamiwa na chama chao cha kitaifa cha kinga dhidi ya moto, ambamo mtaa hujiandikisha kama mtaa. Nyumba zisizopungua nane huungana, huunda kamati, hupata tathmini ya hatari ya mtaa wao, huandika mpango wa kazi, na kila mwaka huonyesha kazi iliyofanyika kabla ya kuhuishwa. Kinachonivutia humo ni kwamba wanahesabu saa za jasho la wakazi sawa na fedha. Aliyetumia Jumamosi yake kufagia majani ya mjane wa jirani ameingizwa kwenye hesabu. Kwetu huo ni msaragambo, na hauhitaji kutafsiriwa.

Tanzania ina chombo cha kisheria kinachoweza kubeba jambo hili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inashughulikia uchomaji moto, na vijiji vingi vya mikoa ya misitu vina sheria ndogo za moto. Karibu zote zinamwangalia mwasha moto: achukue kibali, achome wakati gani, alipe faini kiasi gani. Ni sawa, kwa kuwa moto mwingi huanzia kwenye shamba linaloandaliwa kabla ya mvua. Ninachokosa humo ni kifungu kinachomwangalia mshika moto, yaani nyumba. Halmashauri ya kijiji inaweza kukipendekeza, mkutano mkuu ukakijadili, wilaya ikakipitisha. Kinaweza kuwa kifupi hivi: Kuanzia tarehe 1 Juni hadi mvua za kwanza, kila kaya itahakikisha kwamba ndani ya mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyumba, jiko au ghala hakuna kuni, mabua, majani makavu wala uzio unaoweza kushika moto, na kaya ya mzee, mgonjwa au mjane itafanyiwa kazi hiyo na kitongoji. Masharti ya mzingo wa kati yanaweza kungoja mkutano wa mwaka unaofuata.